Sherifu Graham alipokufa: kwa nini watazamaji walichachamaa, na maoni yao yasomweje

SWALI: Nimeitazama tamthilia ya Once Upon a Time kwa kuchelewa sana, nimewekewa msimu wa kwanza wote kwenye flashi. Episodi ya 7, ile ya sherifu Graham kufa, niliiona nzuri, nikasikitika kidogo, nikaendelea na ya 8. Baadaye nikasoma maoni ya watu wa wakati ule nikashangaa: wengine wanalia, wengine wanaapa hawatazami tena, wengine wanawashambulia watunzi. Nataka kuandika uchambuzi wa episodi hiyo na jinsi ilivyopokelewa. Nimepitwa na nini? Na maoni yote hayo niyaamini kwa kiasi gani?

JIBU: Ndani ya episodi hujapitwa na kitu. Ulichokikosa ni wiki nne. "The Heart Is a Lonely Hunter" ilirushwa na kituo cha ABC cha Marekani Jumapili, tarehe 11 Desemba 2011, kisha tamthilia ikaingia likizo ya sikukuu. Episodi ya 8, "Desperate Souls", ilikuja tarehe 8 Januari 2012. Wewe ulisubiri majina ya waigizaji yapite, basi. Wenzako walikaa na kifo kile Krismasi nzima, na mwaka mpya juu yake. Sehemu kubwa ya uliyoyasoma iliandikwa ndani ya pengo hilo, na ukiyasoma kana kwamba mwandishi alikuwa na episodi ya 8 mkononi kama wewe, utamwona mtu mzima anayelia bila sababu.

Pengo lenyewe lisingeuma hivyo kama si jinsi lilivyozibwa. Episodi ya 8 inaanza wiki mbili baada ya kifo. Mazishi yamepita. Emma, aliyekuwa naibu wa Graham, tayari anakaimu kazi ya marehemu, na hadithi inahamia kwenye uchaguzi wa sherifu kati yake na Sidney Glass, mwandishi wa gazeti la mji. Mtazamaji aliyesubiri mwezi mzima ili aomboleze pamoja na Emma alikuwa kama mtu aliyesafiri kwenda msibani akakuta turubai limeshakunjwa. Hasira nyingi za Januari 2012 zinatoka hapo, wala si kwenye kifo. Ukiandika uchambuzi, zitenge na zile za Desemba. Kwa juu juu zinafanana, lakini malalamiko ni tofauti.

Turudi kwenye episodi yenyewe, kwa sababu wasomaji wako wengine hawajaiona. Tamthilia ilitungwa na Edward Kitsis na Adam Horowitz, waliokuwa waandishi wa tamthilia ya Lost. Wahusika wa ngano za Ulaya, akina Snow White na Rumplestiltskin, wamelaaniwa wakatupwa kwenye mji wa Storybrooke, jimbo la Maine, bila kukumbuka wao ni nani. Anayekumbuka ni Malkia Mwovu, ambaye sasa ni meya Regina. Mtoto Henry ana kitabu kinachoeleza yote, na Emma Swan, mwanamke anayetakiwa kuivunja laana, haamini hata ukurasa mmoja. Graham, aliyechezwa na Jamie Dornan, ndiye yule mwindaji aliyetumwa kumuua Snow White akamhurumia. Malkia alipogundua alimng'oa mwindaji huyo moyo wake, akaufungia kwenye kisanduku. Anayeushika moyo wa mtu ndiye anayemwendesha.

Sasa angalia ahadi zinavyopangwa, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Mapema katika episodi Graham, akiwa amelewa, anambusu Emma barabarani na picha ya mbwa mwitu inampita kichwani. Kuanzia hapo kila tukio linampa kipande kimoja zaidi: anamwona mbwa mwitu mwenyewe, mwenye jicho moja jekundu na jingine jeusi, anakwenda kwa Mary Margaret, ambaye ndiye Snow White wa Storybrooke, anayedhani Graham ana homa, anakwenda kwa Henry na kile kitabu, anafika makaburini na Emma kuutafuta moyo wake, na Regina anawakuta hapo, wanapigana. Mwisho wapo ofisini kwa sherifu, Graham anamsafisha Emma jeraha, wanabusiana mara ya pili, na kumbukumbu zote zinarudi. Graham anamwambia Emma kwamba anakumbuka. Anamshukuru. Wakati huohuo Regina, chini ya kaburi la baba yake, anaufinya ule moyo mpaka unakuwa vumbi. Graham anaanguka mikononi mwa Emma, na Emma hajui kimempata nini.

Kwa episodi sita mtazamaji alikuwa anaomba kitu kimoja: mtu mzima mmoja tu akumbuke. Hapa anapewa, kisha ananyang'anywa kabla hajameza mate. Na pigo hilo moja linaondoa vitu vitatu kwa mpigo. Linaondoa mhusika anayependwa. Linaondoa mapenzi yaliyoanza dakika hiyohiyo. Linaondoa pia ushahidi wa pekee kwamba kitabu cha Henry ni kweli, na hili la tatu ndilo watu hulisahau. Baada ya hapo Emma haamini mpaka episodi ya 22, iliyorushwa tarehe 13 Mei 2012. Ukiona maoni yanayosema "hadithi haisogei" katika nusu ya pili ya msimu, mzizi wake ni huu: watazamaji walishaonjeshwa jibu, wakarudishwa kwenye swali.

Kisha lipo suala la steringi. Mtazamaji wa kwetu anajua kanuni ya mtaani kwamba steringi hafi, na Mmarekani wa mwaka 2011 alikuwa nayo vilevile, ila aliipima kwa saa na kituo. Miezi sita kabla, Juni 2011, tamthilia ya watu wazima ya Game of Thrones ilimkata kichwa Ned Stark, lakini ile ilikuwa ya kituo cha kulipia. Hii ilikuwa ABC, Jumapili saa 2 usiku kwa saa za huko, muda wa familia, na jina la Dornan lilikuwa miongoni mwa waigizaji wakuu. Watu waliketi na watoto wao. Maoni mengi ya wazazi unayoyaona ya usiku ule yanasema jambo hilo kwa maneno mbalimbali: hatukuambiwa kuwa hii ni tamthilia ya namna hiyo.

Tuje kwenye swali lako la pili, kuyaamini maoni. Anza na saa iliyoandikwa kwenye maoni, kabla hata ya kusoma maneno. Mitandao mingi hukuonyesha muda kwa saa ya simu yako, kwa hiyo fanya hesabu. Mwezi Desemba Afrika Mashariki iko mbele ya New York kwa saa 8. Saa 2 usiku ya Jumapili kule ni saa 10 alfajiri ya Jumatatu, tarehe 12, hapa kwetu. Graham anakufa mwishoni kabisa mwa episodi, kwa hiyo maoni ya karibu na saa 11 alfajiri yetu ni ya mtu ambaye machozi hayajakauka. Lakini ABC iliirusha tena saa 2 usiku kwa saa za pwani ya magharibi, yaani saa 3 baadaye. Mtu wa Los Angeles alianza kutazama saa 1 asubuhi yetu. Akilalamika saa 12 asubuhi, huyo hajaona episodi; amesoma kwa wenzake wa mashariki kwamba Graham amekufa, na anachokasirikia ni kuharibiwa utamu. Nimeona wachambuzi wakiyanukuu malalamiko ya aina hii kama hukumu juu ya hadithi. Miezi ya majira yao ya joto, saa zikisogezwa, tofauti na New York inakuwa saa 7, kwa hiyo episodi za mwanzo na mwisho wa msimu zihesabu upya.

Kumbuka pia chombo. Twitter ya 2011 iliruhusu herufi 140. Nafasi hiyo iliongezwa hadi 280 mnamo Novemba 2017. Ndani ya herufi 140 mtu hupiga ukelele, hachambui. Waliotaka kuchambua waliandika kwingine, na hapo kuna hasara: Television Without Pity, tovuti iliyokuwa na mijadala mirefu na mikali, ilifungwa mwaka 2014, na mbao za mijadala za IMDb, tovuti ya filamu na tamthilia, zilifungwa Februari 2017. Kwa hiyo kilichobaki mtandaoni leo kina vilio vingi na hoja chache kuliko uwiano halisi wa usiku ule. Usiandike "watazamaji wote walilia". Andika kwamba vilio ndivyo vilivyohifadhika.

Baada ya saa, mtambue anayesema. Katika tamthilia hii makundi yanajitenga vizuri, kwa sababu mashabiki walijipa majina. Kwa jumla wanajiita Oncers. Ndani yao wapo wanaoshipu, yaani wanaotetea wahusika wawili wawe wapenzi. Wa Emma na Graham waliitwa Gremma, na kwao kifo kile kilikuwa mwisho wa safari. Wa Emma na Regina, Swan Queen, walikuwa na sababu tofauti ya kuijadili episodi: kwao ugomvi wa makaburini kati ya wanawake wale wawili ulikuwa na uzito kuliko busu. Baadaye walikuja wa Emma na Hook, yule nahodha wa maharamia, Captain Swan, na hao wengi wao wanarudi nyuma kuitazama episodi ya 7 wakiwa wameshampenda mwanamume mwingine, hivyo Graham kwao ni mgeni aliyepita. Ukipata maoni yanayosema "hakuwa na umuhimu", angalia jina la akaunti na picha yake. Mara nyingi utakuta Hook.

Wapo pia wanaotangaza kuondoka. Hawa wasikubabaishe, wala usiwapuuze. Fanya hivi: chukua akaunti kumi au kumi na tano zilizoapa usiku ule, kisha tafuta walichoandika kuanzia tarehe 8 Januari 2012. Atakayekuwa bado anajadili episodi ya 8, ya 9 na ya 10 hakuondoka. Kiapo chake ni kipimo cha uchungu. Aliyenyamaza anaweza kuwa ameondoka kweli, au aliacha tu kuandika, na hapo huna ushahidi, basi usimhesabu upande wowote.

Tabaka ambalo wengi huliruka ni la miaka ya baadaye. Katika episodi hii Malkia, akishaung'oa moyo wa mwindaji, anaamuru apelekwe chumbani kwake cha kulala. Kule Storybrooke Graham na Regina wana uhusiano wa siri, na mtu asiye na moyo wake mwenyewe hana uwezo wa kukataa. Usiku wa kwanza watu wengi waliliita hilo "uhusiano" wakapita. Mjadala wa ridhaa ulipamba moto hasa baada ya Aprili 2015, katika msimu wa 4, ilipofichuka kwamba Zelena, mchawi na dada wa Regina, alikuwa amejigeuza sura ya Marian akaishi na Robin Hood kama mkewe. Watu wakarudi nyuma wakauliza: na Graham je? Wakati huo Regina alikuwa ameshageuzwa kuwa mmoja wa mashujaa wa hadithi, na mashabiki wake, Evil Regals, walikuwa wengi na wana sauti. Ndiyo maana maoni ya 2015 na baadaye yana ukali wa namna nyingine: yanauliza kwa nini muuaji amesamehewa na marehemu hatajwi. Ukiyachanganya na ya 2011 utaandika kwamba watazamaji walighadhibika kuhusu ridhaa tangu siku ya kwanza, na mtu aliyekuwepo atakurekebisha.

Ili uone hasira halali ya kiufundi inavyofanana, ilinganishe na kifo cha Robin Hood katika "Last Rites", msimu wa 5, tarehe 8 Mei 2016. Robin, mpenzi wa Regina, anamkinga Regina asiuawe na Hades, mungu wa kuzimu, akauawa yeye, kwa silaha inayoelezwa kwamba inafuta hata roho, hakuna peponi wala kurudi. Wanamzika. Kisha katika episodi hiyohiyo, makaburini, Hook aliyekwisha kufa anatokea nyuma ya Emma akiwa mzima. Zeus, mfalme wa miungu, amemrudisha kama tuzo. Hapo mtazamaji hahitaji kushipu mtu yeyote ili akasirike. Hadithi imeweka kanuni ya kifo na msamaha wake kwenye sahani moja, mmoja anafufuliwa na mwingine anafutwa, bila sababu inayotokana na matendo ya Robin. Malalamiko ya 2016 yalikuwa na hoja kuliko ya 2011, kwa maoni yangu, kwa sababu kifo cha Graham kinafuata kanuni zilizowekwa tangu mwanzo wa episodi: moyo uko kisandukuni, mwenye kisanduku ameudhiwa, na tumeona anachoweza kufanya. Kinauma, lakini hakidanganyi. Udhaifu wake uko kwenye ile episodi ya 8 inayoruka wiki mbili.

Takwimu zitakusaidia kidogo, ukizitumia kwa adabu. Episodi ya kwanza kabisa, tarehe 23 Oktoba 2011, ilitazamwa na watu karibu milioni 12.9 nchini Marekani, na ilipata pointi 4.0 katika rika la miaka 18 hadi 49, rika ambalo watangazaji wa biashara hulilipia. Pointi moja ni asilimia moja ya watu wa rika hilo wanaoishi kwenye nyumba zenye televisheni. Nielsen, kampuni inayopima watazamaji, wakati ule ilipata hesabu hiyo kwa kaya za sampuli zilizowekewa vifaa, na takwimu zilizotoka kesho yake zilihesabu waliotazama papo hapo pamoja na waliorekodi wakatazama kabla ya saa 9 usiku. Waliotazama ndani ya siku saba waliongezwa baadaye, na namba ikapanda. Kosa la kawaida ni kulinganisha namba ya kesho yake ya episodi moja na namba ya siku saba ya nyingine. Ukifanya hivyo utagundua "anguko" ambalo halikuwepo. Kosa jingine ni kulichukua anguko la miaka na kulibebesha kifo kimoja. Msimu wa 4 ulifunguliwa tarehe 28 Septemba 2014 kwa wahusika wa Frozen, ukavuta watu karibu milioni 9.5. Kufikia msimu wa 7, Oktoba 2017, tamthilia ikiwa imehamishiwa Ijumaa na Jennifer Morrison aliyecheza Emma ameshaondoka kwenye kundi la kudumu, watazamaji wa papo hapo walikuwa milioni 3 na ushei. Katika miaka hiyohiyo televisheni ya kawaida ya Marekani yote ilikuwa inapoteza watu. Graham hana hatia hapo.

Alama za nyota nazo zina mtego wake. Mtu anayeipa episodi alama miaka mitano baadaye ni yule aliyeendelea kutazama. Aliyekasirika akaondoka hayupo kupiga kura. Na utakuta mara nyingi mtu huyohuyo aliyeandika "siwasamehe" ameipa 10, kwa sababu kuumizwa vizuri ni sifa. Soma maneno na alama pamoja, kamwe usisome alama peke yake.

Wengi huuliza kama kelele zile zilibadilisha chochote. Kwa haraka, haziwezi. Tamthilia ya aina hii, yenye episodi 22 kwa msimu, huchukua takriban siku 8 za kupiga picha kwa episodi moja, na hii ilipigwa picha Canada, barabara kuu ya Storybrooke ikiwa ni kijiji cha Steveston huko Richmond, British Columbia. Hati huandikwa wiki nyingi kabla ya kurushwa. Siku Graham anakufa kwenye skrini, episodi kadhaa zinazofuata zilikuwa zimeshapigwa picha au zimo jikoni. Kwa hiyo ukimwona Dornan amerudi kwenye episodi ya 22, mwindaji akimsaidia Prince Charming kutoroka katika hadithi ya nyuma, usiandike kwamba mashabiki walimrudisha. Muundo wa tamthilia, unaorukaruka kati ya zamani na sasa, unaruhusu marehemu yeyote kutokea. Kama unataka mfano wa mapokezi yanayoweza kuwa yamesukuma kitu, tazama Belle, mpenzi wa Rumplestiltskin: mwigizaji wake, Emilie de Ravin, aliingia kama mgeni katika "Skin Deep", tarehe 12 Februari 2012, na msimu wa 2 akawa miongoni mwa wakuu. Hata hapo sema "yanaweza".

Kwa uchambuzi wako, ningefanya kazi kwa mpangilio huu. Tazama episodi ya 7 tena ukiwa na saa, na uandike dakika ambayo kila ahadi inatolewa: busu la kwanza, mbwa mwitu, kitabu, kaburi, busu la pili, moyo. Episodi bila matangazo ni dakika 43 hivi. Utaona mwenyewe jinsi malipo yalivyobanwa mwishoni. Halafu kusanya maoni, yasiwe mengi, arobaini yanatosha, na uyagawe kwa tarehe: usiku wa 11 na mchana wa 12 Desemba, katikati ya Desemba hadi 7 Januari, wiki ya tamthilia kurudi, yaani kuanzia 8 Januari, na yale ya 2015 kuendelea. Pembeni ya kila moja andika mwenye maoni anamtetea nani na analalamikia nini hasa: kifo, namna ya kifo, ukimya baada ya kifo, au Regina kusamehewa. Maoni yasiyoingia kwenye fungu lolote yaache pembeni usiyalazimishe. Ukinukuu, tafsiri maana na uondoe jina la akaunti. Wengi wa walioandika walikuwa vijana wadogo, na hawakuandika ili wachapishwe.

Na kabla hujaketi kuandika, itazame episodi ya 8 peke yake, siku nyingine, bila kuitanguliza ya 7. Zile dakika zake kumi za mwanzo zitakuonyesha wanacholalamikia watu wa Januari vizuri kuliko maoni yao wenyewe.